Maji ya Huku Hayafiki kwa Watu

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umepona? Na ukungu wa Nyandira umewaachia angalau mkaanika maharage? Mimi nahema, mama, ndiyo salamu niliyo nayo.

Ile kazi ya udereva wa hoteli haikuwepo. Nilishuka uwanja wa ndege, wakala akachukua pasipoti na simu, nikasafirishwa gizani, na tangu hapo nachunga mbuzi jangwani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu imenifikisha mbali. Nipo na mwenzangu mmoja tu, Bishnu, Mnepali. Tunaongea Kiarabu cha kuokoteza. Naye aliletwa vilevile, hajui hapa panaitwaje. Bosi ukimuuliza anakujibu, "Mbuzi wamekunywa?"

Nilitoroka, mama. Nilikumbuka alichotufundisha mjomba tukienda kuokota kuni: ukipotea mlimani usihangaike, shuka na maji, hayakosi kufika kwa watu. Nikaona korongo kavu, nikalifuata. Nilitegemea huko chini nitakuta bustani, mwanamke anafua, mtu wa kumwamkia na kumuuliza njia. Korongo likapanuka, likawa mchanga, likaisha. Nikageuka nyuma niutafute mlima, hakuna mlima. Nchi yote sawasawa kama ungo. Nilikaa chini nikalia, sikufichi. Bosi alinipata kwa kufuata nyayo zangu tu. Viatu vyangu amevifungia kwake, sasa nachunga na kandambili.

Nimechoka. Nikibaki huku nitakufa, nawe hutaonyeshwa hata kaburi. Nataka kurudi, basi, hata mikono mitupu. Mjomba aende wizarani, aende kwa mbunge, aende popote. Lakini watamuuliza nipo wapi, na hapo akili yangu inagota. Kwetu ungesema, "Ukivuka daraja ulizia kwa mama Tito." Huku utaulizia kwa nani? Hata jina langu hawalijui, naitwa "wewe".

Ila mkataba wa Bishnu umeisha. Kesho mchana bosi anampeleka uwanja wa ndege. Nampa barua hii aifiche ndani ya soksi, pamoja na kipande cha penseli. Nimemwomba aandike nyuma yake kila kibao atakachokiona barabarani, kisha akifika kwao aitume kwenye sanduku la posta la parokia yetu.

"Nikisinzia je?" ameniuliza.

"Usisinzie, kaka. Nakuomba."

Nisalimie dada Pendo na shemeji. Bibi mwambieni sijambo, nanenepa. Mjomba mwambie simlaumu, maneno yake ni ya kweli kwa milima yetu.

Mwanao anayekulilia,
Tito Mloka

Sasa geuza karatasi, mama. Kama kuna maandishi, hapo ndipo nilipo, mjomba aondoke leo. Kama ni peupe, aondoke vilevile. Awaambie jina langu lote, polepole, waliandike mahali.