Kebo ya Alhamisi

S.L.P. 417,
Ghorofa ya Tatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakitibu kwa kukinyamazia kama kawaida yako? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, shemeji yako anakoroma vizuri, na mpwa wako ameota jino jipya la mbele ambalo anamwonyesha kila anayebisha hodi.

Nakuandikia asubuhi, dirisha likiwa wazi. Jua limeingia hadi kwenye meza ya redio, na paka wa jirani amezilalia waya zote kama anaatamia mayai. Siku kama hizi huwa nakaa tu na chai yangu nikiwaza kwamba juu ya vichwa vyetu kuna setelaiti, kisanduku kisichozidi ukubwa wa mkate, kinaizunguka dunia peke yake, na kwa dakika kumi na mbili kinaniona mimi na kukuona wewe kwa pamoja na kupitisha sauti zetu. Nimeshaota mvi, na jambo hilo bado linanishangaza.

Barua yako ilifika juzi Ijumaa. Nimeisoma mara nne. Unasema kebo yako ya tatu imekufa, kompyuta haiioni redio, umechoka, na ndege ikija kwenye kituo chenu cha hali ya hewa mwanzoni mwa mwezi ujao utampa rubani redio nzima aondoke nayo. Mdogo wangu, usimpe. Barua hii inakuja na ndege hiyohiyo. Mwache rubani wa watu arudi mikono mitupu.

Ndani ya bahasha kuna kebo. Nilinunua mbili zinazofanana, moja nikaifunga kwenye redio yangu, nyingine nikaiweka akiba, na akiba yenyewe ndiyo hii yako. Acha nikueleze nilivyoichagua, maana nakujua, siku moja utaikanyaga na itabidi ujitafutie nyingine.

Muuza vifaa wa hapa chini aliniambia, "Dada, kebo ni kebo tu, zote zina ncha mbili." Nikamjibu kwamba hata nyoka ana ncha mbili, ila mtu hashiki yoyote tu. Alicheka sana, kisha akaniuzia ya buluu inayopitisha mwanga, inavutia kama peremende. Chipu yake ilikuwa ya kuigiza. Ilifanya kazi siku nne, kompyuta ikajisasisha yenyewe, ikaikana kabisa.

Ya pili ilikuwa na chipu halali lakini nyembamba, tena haikuwa na ule uvimbe mweusi karibu na plagi. Kumbe uvimbe ule si pambo. Bila huo, ukibonyeza kitufe cha kusema, mawimbi ya redio yako mwenyewe yanarudi kupitia kebo, kompyuta inashtuka na kuiachia redio. Na usidanganyike kwa sababu plagi imeingia kwenye tundu. Matundu yanafanana, ila umeme wa ndani hutofautiana, kwa hiyo mtajie muuzaji aina kamili ya redio yako. Akisitasita, ondoka dukani.

Hii nimeipeleka karakana na kuijaribu kama tunavyojaribu mizani ya wenye maduka. Tuliiacha imeunganishwa kutwa nzima. Fundi mwenzangu tunayemwita Mkono Mzito, ambaye hajawahi kushika kitu taratibu maishani mwake, akaivuta mpaka nikafumba macho. Kisha nikarusha sauti mara thelathini kwa nguvu zote za redio. Haikukatika hata mara moja. Ni fupi, nene kama kamba ya kiatu, na rangi yake haina mvuto wowote.

Kazi yake unaijua kuliko mimi. Kisanduku kikija masafa ya mawimbi yake huwa juu, kikienda huwa chini, na kompyuta inaisogeza redio kidogo kidogo kupitia kebo ili isipotezane nacho. Bila hivyo sauti yako huanza kama ya bata na kuishia kama ya mtu aliye kisimani. Lakini sikuhangaika na kebo tatu kwa ajili ya uzuri wa sauti yako, usijidanganye.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ukirudi mtamalizia ule ubishi wenu wa mwaka juzi. Mpwa wako anauliza kama huko mawingu mnayapima kwa rula. Mkono Mzito naye anakusalimu ingawa hakujui. Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna jambo ambalo nimelizungukia barua nzima, nami naona aibu kuendelea kulizunguka.

Mama hasikii tena. Sikio la kushoto lilianza mwaka juzi, la kulia likafuata polepole, na Desemba daktari wa masikio akatuambia wazi kwamba limekwisha. Tunazungumza naye kwa kumwandikia kwenye ubao wa mpwa wako, au anatusoma midomo. Alinikataza katakata kukuambia. "Akijua ataacha kuja redioni," alisema. "Nani anasema na kiziwi?" Nimeitunza siri hiyo miezi mitatu na imenichosha. Nisamehe wewe, na Mama anisamehe.

Hata hivyo kila Alhamisi, saa kumi na moja kasorobo ya jioni, huvaa gauni lake la kutokea na kukaa mbele ya redio. Anatazama nambari. Zile tarakimu za kijani hutambaa kwenye kioo, taratibu mwanzoni, zikaenda mbio kisanduku kikifika utosini, kisha taratibu tena. Kwake yeye ni wewe unayetembea. "Anapanda," husema. "Yuko juu yetu sasa." "Haya, anateremka." Uso wake wakati huo ni wa mtu anayetazama mvua akiwa ndani. Nami humtazama yeye, nasahau hata kukujibu, nawe hudhani mitambo ina kasoro.

Mwezi uliopita ile kebo ya pili ilipokatika, nambari zilisimama ghafla. Wewe ulikuwa bado unaongea, nilikusikia vizuri tu. Mama akavua miwani. "Ameondoka hata hakuniaga," akasema, akaenda chumbani kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nilimwandikia ubaoni kwamba ni kebo tu. Akasoma, akafuta kwa kiganja.

Alhamisi hii iliyopita kebo mpya ilifanya kazi barabara. Ila wewe hukuwepo, na mimi sikuwa nimepata barua yako. Nambari zilianza kutambaa kama kawaida, maana zinakifuata kisanduku, hazikufuati wewe. Ndani ya spika kulikuwa na mvumo mtupu. Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

Nilishindwa kumwambia. Nikatunga. Nikamwambia kwa midomo, polepole, kwamba umepona kikohozi, kwamba upepo umeng'oa bati la stoo nanyi mkalikimbiza kama kuku, kwamba umemwota amekaa kando ya kitanda chako. Nikamwambia unampenda. Maneno hayo hujawahi kumwambia, mdogo wangu, najua kwa sababu hata mimi sijawahi. Alikuwa anatabasamu. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya spika. Ndipo nilipoelewa kwamba amekuwa akikusikia kwa njia hiyo muda wote, maana sauti yako huitetemesha spika na mvumo hauitetemeshi. Akauacha mkono pale muda mrefu, nambari zikiteremka. Mimi nikanyamaza, uso unaniwaka.

Akauondoa mkono kwenye spika, akaushika wangu.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Nakusikiliza."

Nikaendelea mpaka dakika ya kumi na mbili. Kati ya leo na ndege yako kuna Alhamisi tatu, nazo nitazisema mimi. Ya nne ni yako.

Mungu akulinde na upepo wa huko, na akupe maneno.

Mimi dada yako ninayekupenda, na sasa nimeshalisema,

Dada Mizani