Matambara Dohanini

Jumatatu, 2 Februari 1829

Kidau cha wino cha jaji kimetoka kwa mtia nakshi. Bata maji wawili wa shaba, shingo zimepinda, katikati tundu la wino. Kizuri hatari! Bado kupakwa dhahabu tu. Vile vya mwezi jana vilitoka na madoa — dohani mpya, bomba la kutolea moshi, inavuta upepo, moto unayumba. Jaji kasema doa moja tena, anahamia karakana nyingine.

Nimepanda darini, nikaziba dohani kwa matambara. Moto umetulia. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 4 Februari

Dhahabu ya bata wa kwanza imeshika. Hakuna doa! Mdogo wangu Anselme, fundi wetu wa kupaka dhahabu, kaimba asubuhi nzima, sarafu ya dhahabu ikigonga meno. Wapaka dhahabu wote huifumbata mdomoni, iidake zebaki kabla haijashuka kooni. Maana dhahabu hupakwa ikiwa imechanganywa na zebaki; moto hufukuza zebaki, dhahabu hubaki — na ule moshi ndio unaoua.

Siku zote sarafu hugeuka nyeupe jioni. Leo adhuhuri tu, nyeupe pe! Anselme kaitema, kacheka: "Kaka, leo imeshiba mapema!"

Nikacheka naye. Nilicheka!

Alhamisi, 5 Februari

Mkono wa Anselme unatetemeka. Supu yote kifuani. Shemeji Ursule kamfokea, eti mlevi. "Nimekunywa moto, mke wangu," kasema. Mate yanamtoka.

Mimi nikasema ni baridi.

Matambara nitayatoa kesho. Amebaki bata mmoja tu.

Ijumaa, 6 Februari

Anselme hajainuka. Kamwita binti yake Zélie kwa jina la marehemu mama yetu. Nikakimbilia kwa tabibu — sikupanda darini kwanza. Kwa nini sikupanda?

Narudi, tanuri linawaka. Zélie kakaa mbele yake, brashi mkononi.

"Zima, mwanangu."

"Jaji anakuja jioni, baba mkubwa. Baba alinifundisha." Maneno hayatoki vizuri — sarafu ya baba yake imo mdomoni.

Ursule akanikazia macho. "Azime kwa nini? Dohani ina nini?"

Nikasema: haina kitu.

Mungu wangu. Haina kitu!

Nimejifungia chumba cha pili. Ngazi ya darini iko mle mle karakanani, mbele ya macho ya Ursule. Kupanda ni kukiri. Nasikia sarafu ikigonga meno ya mtoto. Nainuka sasa. Naweka kalamu —

Kakohoa. Bado nimekaa.