Fomu Saba Zenye Pengo

S.L.P. 17,
Sinazeze,
Zambia.
9 Oktoba 2023

Mpendwa dada Nchimunya,

Kuna mlio haunitoki masikioni tangu wiki jana: kalamu ya risasi ikigonga ukuta, ngo, ngo, ngo, mara saba, halafu kimya. Lakini nisikimbilie huko kabla sijakusalimu. Hujambo wewe na mgongo wako? Zamu za wodini huko Gaborone zimepungua? Mimi ni mzima. Joto la bondeni limeshaanza, na kile kinywaji cha mahindi, chibwantu, alichoniletea Mama kutoka Monze kilichacha kwa siku moja.

Unakumbuka mwenzangu wa takwimu alihama, nikabaki peke yangu ofisini. Kituo chetu cha afya hakikuweza kulipia programu aliyokuwa akiitumia, kwa hiyo nikapakua ile ya bure, pamoja na masomo yake ya bure. Mwalimu wangu ni mtu wa kwenye video. Hunisalimu kila somo linapoanza, nami humwitikia kwa sauti. Zipo siku ambazo sikuzungumza na mwingine.

Kwake nilijifunza mstari mmoja wa kuiagiza kompyuta ifute kila fomu yenye pengo. Nikautumia kwenye takwimu za watoto wachanga, nikaona nimefanya usafi. Vifo vikaonekana vimepungua. Bwana Siamunyanga, mkuu wetu, akanisifu mbele ya watu wa wilaya, nao wakaamua pikipiki yetu ya kubebea wajawazito ihamishiwe kwingine mwezi ujao.

Kisha akaja Mama Choolwe, anayetujazia fomu vijijini, akasoma jedwali la vifo nililobandika ukutani.

"Wawili? Mwanangu, mimi kwa mkono huu niliandika tisa. Hiyo kompyuta yako inakula watoto?"

Akaanza kuwahesabu waliokosekana, kijiji kwa kijiji, akigonga ukuta kwa kalamu.

Wote saba walikufa kabla kitovu hakijadondoka. Desturi unaijua: hawajapewa jina, hawawekewi matanga, bibi zetu huwazika kimya. Mama Choolwe aliacha nafasi ya jina wazi, kwani angeandika nini? Nami nikawafuta. Nilimkumbuka wako, dada, yule wa siku tatu. Hatujawahi kumzungumzia. Nisamehe kama nakuumiza.

Nilipomweleza mkuu, alicheka.

"Binti, unatafuta chawa kwenye kipara. Ripoti imeshakwenda. Tutarekebisha mwakani."

Bila pikipiki, hadi hiyo mwakani mama mwenye uchungu atatembea kilomita ishirini na mbili kufika kituoni. Sikulala vizuri siku tatu, na sikuwa na wa kumuuliza. Yule wa kwenye video husema tu, haulizwi.

Nisalimie shemeji Haachipuka, na umbusu mwanenu Luyando kwa niaba yangu. Mungu awape usingizi mwema na mikono isiyochoka.

Jana asubuhi niliwatumia watu wa wilaya hesabu mpya, pamoja na maagizo yote niliyoipa kompyuta, ya kwanza na ya sasa, ili yeyote aipakue programu ileile bila kulipa na aone nilipokosea. Katika barua niliyoambatanisha nimeandika kwamba mkosaji ni mimi, nikatia jina langu. Leo mkuu ameniita, akanipa hadi Ijumaa niiondoe barua ile, la sivyo nitafute kazi nyingine. Nimemjibu kwamba wameshaipokea, na kwamba sitaiondoa.

Mdogo wako akupendaye kutoka mbali,
Lweendo