Kengele Mtoni, Mitungi Chumbani

Jumatano, 9 Agosti 1995
Nimeanua mpunga mapema. Juma, mpiga mbizi kutoka Dar, kafika. Ataitafuta kengele ya kigango chetu iliyozama mtoni mtumbwi ulipopinduka. Jumanne ni Kupalizwa Bikira Maria. Ilie siku hiyo, ee Mungu! Nyumba ya wageni wameikataa mitungi yake ya hewa. Nikasema iletwe kwangu, Kibaoni. Moyo unaruka kama wa msichana.

Alhamisi, 10 Agosti
Balaa. Mama mkwe wangu, Bibi Kresensia, kaiona mitungi. Nikamtuliza: si gesi, Mama, hewa tu, kama ya tairi ya baiskeli. Kosa langu! Ifakara hii nani hajasikia tairi lililoachwa juani likipasuka?
"Tairi lilinitoa mbio sokoni. Hilo lichuma likipasuka mtanizika kipande kipande?"
Kabeba mkeka, kahamia jikoni. Mume wangu kasema mama yake halali jikoni kwa ajili ya kengele. Mitungi itoke kesho. Ikitoka, Juma anarudi Dar. Nimesali rozari. Bado nina hasira.

Ijumaa, 11 Agosti
Juma kampa Bibi shikamoo, kachuchumaa. Hakubisha. Kasema Bibi ana haki, jua na moto havifai. Ila chuma ni kinene, kimepimwa. Kikae kivulini, kifungwe kisianguke. Kisha kafungulia kidogo. Fyuuu! Nikaruka mimi. Bibi kaweka kiganja.
"Hewa ya wapi hii?"
"Ya Dar, Bibi."
"Lete nivute. Dar sijafika."
Kavuta kwa ule mpira wa mdomoni, macho yamemtoka.
"Mbona hainuki samaki?"
Tumecheka mpaka machozi. Chumba chake ndicho chenye ubaridi, ukuta wa udongo, paa la nyasi. Kaamuru mitungi ilazwe humo. Kaifunga mwenyewe kwa kitenge kwenye mguu wa kitanda. Mimi sikuruhusiwa kugusa.

Jumamosi, 12 Agosti
Mtungi mmoja umekwisha. Kengele hakuna. Tope tupu. Umebaki mmoja.

Jumatatu, 14 Agosti
Imepatikana! Ng'ambo zote mbili vigelegele. Bibi anamwambia kila mtu kwamba hewa ilikuwa imelala kwake. Sijala tangu asubuhi na sina njaa.

Jumanne, 15 Agosti
Imelia. Nimelia nayo.
Juma kaondoka baada ya misa. Kitenge bado kimefungwa kwenye mguu wa kitanda, kimezunguka patupu. Nilitaka kukifua. Bibi kasema niache. Akipita pale bado ananyata.