Baba Anapima Benchi

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko kwenye tanuri lako la mikate? Sisi wazima, ila kikohozi cha Baba tu, naye anasema ni vumbi la mbao.

Haya, kaa chini kwanza! Ile taasisi ya walimu wastaafu wa hapa mtaani imetukubalia darasa la watu wazima wasiojua kusoma, na mwalimu ni mimi! Dada yako huyu huyu! Wao wanatoa vitabu, ubao na posho yangu. Mtaa unatoa chumba na mabenchi. Sharti ni moja: ikifika Septemba, watu kumi na tano wasome ukurasa mzima mbele ya mratibu wao. Akipungua hata mmoja, darasa linahamishiwa mtaa mwingine. Nimeshapata kumi na tano kamili.

Mabenchi katengeneza Baba, bure. Ila Baba akisikia "wanafunzi" anawaza watoto. Siku ya kwanza msusi, mlinzi na mama muuza mkaa wanaketi, magoti hayo yamefika kidevuni! Tulicheka mpaka machozi. Baba hakucheka. Anayatengeneza yote upya.

Dada yako

20 Machi

Shikamoo dada,

Mimi mzima, mikono tu imeungua kidogo. Hongera mwalimu! Barua yako nimewasomea wenzangu, wamecheka mpaka unga ukamwagika.

Lakini nikuulize, na usinifiche. Tangu niondoke nimemwandikia Baba barua tatu. Nimemwomba radhi kwa kuiacha karakana yake. Hata mstari mmoja hajanijibu. Bado ana kinyongo na mimi? Naumia, dada.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Mikono imepona? Baba nilimuuliza. Akasema, "Nitamjibu nikitulia," akashika msumeno wake. Si unamjua?

Mwenyewe siku hizi haondoki darasani. Kila alasiri anakuja na nyundo, anakaa benchi la nyuma. Nikamwambia, Baba, mabenchi yote mazima. "Benchi halipimwi siku moja," ananijibu. "Lazima likaliwe, lisikilizwe kama linalia." Miezi mitatu mtu anasikiliza benchi! Wanafunzi wamembatiza Mkaguzi.

Na darasa limepamba moto! Juzi msusi kasoma kibandiko cha dawa yake ya nywele, kumbe muda wake uliisha mwaka juzi. Kelele alizopiga! Ila mama muuza mkaa amehamia kwa binti yake, tumebaki kumi na nne. Nimebisha hodi nyumba zote, sipati mtu. Naogopa, mdogo wangu. Darasa hili litaniponyoka hivi hivi naliona.

Dada yako

2 Julai

Shikamoo dada,

Niko salama. Usikate tamaa, Septemba bado. Ya Baba nimeyaelewa. Simwandikii tena.

Mdogo wako

9 Septemba

Mdogo wangu weee!

Salamu baadaye, nisamehe! Leo mratibu kaja na daftari lake. Wamesoma kumi na nne, mmoja mmoja, mlinzi kasoma huku amepiga saluti! Mratibu akafunga daftari. "Mwalimu, amepungua mmoja. Sharti ni sharti." Mimi machozi hayo.

Mara nasikia nyundo inawekwa sakafuni, ko! Baba huyo, anakuja mbele. "Lete hiyo karatasi."

Nikadhani anataka kujifanya mwanafunzi, atutie aibu. Kumbe! Kaweka kidole kwenye mstari, akaanza. Polepole, jasho linamtoka, neno kwa neno, mpaka nukta ya mwisho. Mratibu akafungua tena daftari, akaandika jina la kumi na tano. Chumba kizima kikalipuka! Msusi kapanda juu ya benchi anacheza, na benchi halikulia! Darasa linabaki, mdogo wangu! Linabaki!

Sikujua kuwa hajui kusoma. Miaka yote, dada mzima, mwalimu mzima, sikujua. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yake. Kanikataza nisiisome.

Dada yako

9 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Kikohozi kimepungua.

Barua zako tatu nimezisoma. Nilizitunza kwenye sanduku la vifaa, chini ya patasi. Ya kwanza imenichukua siku mbili. Zamani mama yako ndiye aliyenisomea kila karatasi. Alipofariki niliona aibu kumwambia dada yako.

Sina kinyongo. Sikujua kama umeniomba radhi.

Barua ya nne sijaiona. Iandike. Nitaisoma mwenyewe.

Baba yako