Ukurasa wa Mtwa Kidasi

Jumatatu, 9 Julai 2007
Barafu tena alfajiri. Majani ya viazi yameungua. Uji, vidonge vya presha, kufagia ua. Nilikuwa nikisahihisha kalenda ya usharika, kama kila Jumatatu, mwenyekiti wa kijiji alipokuja na karatasi.

Karatasi yenyewe ni fotokopi ya ukurasa wa kompyuta. Juu imeandikwa "Mtwa Kidasi", mtawala wetu wa zamani. Inatoka kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, yaani ensaiklopidia isiyo na jalada, inayosomwa dunia nzima. Mgaya ameileta barazani kama ushahidi.

Niandike shauri lilivyo, maana kichwa changu siku hizi kinavuja. Ukingo wa msitu wenye makaburi ya zamani, njia ya kwenda Yakobi, analima Mama Twilumba, mjane. Mumewe na mkwewe wamezikwa hapo. Mgaya anasema ukingo huo ni wa ukoo wake, na amepata mnunuzi kutoka nje ya mkoa anayetaka kufyeka yote apande misindano ya mbao. Siku hizi kila kilima kina mnunuzi. Sentensi moja ya ukurasa ule inamuunga mkono: Mtwa Kidasi alimpa babu yake Mgaya ukingo ule kabla Wajerumani hawajafika.

Baraza la ardhi linakaa Ijumaa ya tarehe 27. Pande zote mbili zimekubali shahidi wa historia niwe mimi. Mgaya nilimfundisha darasani. Mama Twilumba ni jirani yangu.

Mtwa Kidasi ninamfahamu. Nimemfundisha miaka mingi, wa nne katika orodha ya watwa wetu. Habari ya kumpa mtu ardhi siikumbuki. Kuna mtu ameichomeka. Nitamjua.

Jumatano, 11 Julai
Nimeenda Makambako. Kompyuta za hapa Njombe mjini zimeharibika, tena ukurasa ulichapwa Makambako. Muhuri wa duka uko nyuma yake.

Mwenye duka anaitwa Shabani, mtu wa Kondoa. Ndugu zake wana malori, yeye ana kompyuta nne na mashine ya fotokopi. Mkarimu mno. Nikamshuku hapohapo.

Alinifundisha kushika kile kidude cha mkononi. Kinakimbia kama panya. "Taratibu, mzee wangu, usikikamate kama jembe," akasema. Wateja wakacheka. Mimi pia.

Sikuanza na Kidasi. Shahidi hupimwa kwanza kwa mambo unayoyajua. Nikatafuta Prussia. Nikatafuta dola ya Mali, na yule mfalme wake aliyekwenda kuhiji na dhahabu nyingi hata bei zikaanguka Misri. Nikatafuta mwanafalsafa wa Athene aliyehukumiwa kunywa sumu. Vyote vipo. Vingine vifupi kama barua ya simu, lakini sawa. Waashuri wamepewa mistari mitatu tu. Nimeona aibu kwa niaba yao. Shabani alikuja kusoma nyuma ya bega langu, akauliza kwa nini huyo wa Athene hakutoroka. Nikamweleza. Ilichukua nusu saa.

Ndipo nikaandika Kidasi. Akatokea. Mrefu wa kimo, mpole, mwenye kusikiliza wazee. Kisha sentensi ya ukingo.

Kiswahili ni safi. Hakuna kosa hata moja. Hilo linanitia shaka zaidi. Mtu wa kawaida hukosea.

Alhamisi, 12 Julai
Sikulala vizuri. Nani ananufaika? Mgaya. Nani anajua kompyuta? Shabani. Mgaya hupeleka mbao Makambako, na mbao husafiri kwa malori. Nimechora mistari kwenye karatasi kutoka jina hadi jina. Inapendeza mno. Mchoro unaopendeza hivi niliwakataza wanafunzi wangu kuuamini.

Jumamosi, 14 Julai
Makambako tena. Leo nimegundua jambo la kutisha.

Juu ya kila ukurasa kuna neno "hariri". Nilimwuliza Shabani maana yake. Akasema ukibonyeza hapo unabadilisha maandishi. Nani anaruhusiwa? "Yeyote, mzee. Hata wewe. Hata mimi niliyeishia la saba."

Vitabu nilivyofundishia vilikuwa na mhariri, mchapaji na wizara. Hapa mpita njia anaingia nyumba ya wafalme na kuhamisha viti. Nikamwuliza Shabani kama yeye amewahi kuhamisha. Nilimkazia macho. Hakucheka safari hii. Akasema, "Mwalimu, umekuja kusoma au kunipekua?"

Nilistahili. Sikuomba radhi.

Baadaye, kwa hasira kidogo, alinionyesha neno lingine, "historia". Ukilibonyeza unaona nani aliandika nini, na siku gani. Ukurasa wa Kidasi umeandikwa na mtu mmoja tu, mwaka jana, wote kwa siku moja. Amejiita "Lameki wa Ludewa".

Lameki! Nilimfundisha pia. Sasa ni mwalimu huko Ludewa. Na mama yake ni shangazi wa Mgaya.

Nimempata.

Jumapili, 15 Julai
Ibada. Mgaya alinisalimia mlangoni kwa mikono miwili, akauliza hali ya presha yangu. Nilimjibu kwa neno moja. Mtu anayekuandalia uongo hukuuliza afya yako. Nilimtazama akiimba besi kwenye kwaya. Anaimba vizuri. Nimechukia kwamba anaimba vizuri.

Jumanne, 17 Julai
Nimempigia Lameki simu. Namba niliipata kwa katibu wa usharika.

Alifurahi kunisikia. Shikamoo zikawa tatu. Nilimwacha amalize, kisha nikamwuliza kwa sauti ya ofisini: ule ukurasa wa Mtwa Kidasi, ni nani alikutuma?

"Hakuna aliyenituma, Mwalimu. Wanafunzi wangu walitafuta watwa wetu wakakuta patupu. Wafalme wa Ulaya wamejaa, sisi hatupo. Nikaona aibu. Nikaandika."

Na ukingo wa Mgaya? Umeutoa wapi?

Akacheka. "Lakini Mwalimu, hizo ni noti zako! Darasa la sita. Daftari ninalo mpaka leo. Nimenakili neno kwa neno, sikuongeza hata nukta."

Akanisomea. Sauti ilikuwa yake, maneno yalikuwa yangu. "Mtwa Kidasi alikuwa mrefu wa kimo, mpole." Halafu: "Aliwagawia watu ardhi. Mfano: babu yake Mgaya alipewa ukingo wa msitu kabla Wajerumani hawajafika." Neno "Mfano" tu ndilo aliloliacha alipoandika ukurasa.

Nilimwambia asante. Nikakata simu. Nikakaa juu ya gunia la viazi mpaka jua lilipohama.

Jumatano, 18 Julai
Mgaya alikuwa anakaa dawati la mbele. Nilipenda kufundisha kwa mifano ya watoto wenyewe, ili historia isiwe mbali nao. Huyu hapa Mgaya, tuseme babu yake alipewa ukingo ule. Tuseme. Ubaoni niliandika "Mfano". Watoto walinakili. Nani angewafundisha kwamba mfano si tukio? Mimi. Sikuwafundisha.

Hilo la kwanza. La pili ni zito zaidi, na limenijia asubuhi hii nikiwa nafunga viatu. Sitalipamba.

Kidasi hakuwahi kuwepo.

Mwaka mmoja mkaguzi wa elimu alitaka kila shule iwe na orodha ya watawala wa eneo lake, kwa mfuatano. Nilizunguka kwa wazee kwa baiskeli. Walinipa watatu, kisha wakaruka, wakanipa wawili. Katikati palikuwa wazi. Niliwauliza nani alitawala hapo. Wakasema hakuna. Mtwa wa tatu alipofariki watu hawakukubaliana juu ya mwingine, kila ukoo ukajiongoza, mpaka mambo yalipotulia. Ardhi haikugawiwa na mtu. Kila ukoo ulilima ulipozika.

Hilo halikuingia kwenye jedwali la mkaguzi. Safu ya nne ingebaki tupu, na mimi nilikuwa kijana, nikiogopa safu tupu. Nikaweka jina. Nikampa kimo na upole. Nikamfundisha mwaka baada ya mwaka hata nikamwamini.

Wiki nzima nimekuwa nikimsaka mwongo.

Jumamosi, 21 Julai
Nimetafuta kwenye sanduku la vitabu. Daftari la safari zile lipo, limeliwa kona na panya. Maneno ya wazee kwa penseli, bado yanasomeka. "Hapa hatukuwa na mtwa."

Hakuna mwingine anayejua. Wazee wale wote wamezikwa. Lameki ananiamini. Nikienda barazani na kusema tu kwamba ule ulikuwa mfano, Mama Twilumba huenda akapona, na Kidasi akabaki, na jina langu likabaki. Lakini Mgaya atasema kama Kidasi alikuwepo, ardhi ilikuwa yake kugawa, na mwalimu hakuchagua mfano hivihivi. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Kidasi akibaki, mlango unabaki wazi.

Mchana Mama Twilumba alileta ndoo ya viazi. Kila mwaka huleta. Nilimwambia mwaka huu arudi navyo mpaka shauri liishe, watu wasije wakasema. Akaweka ndoo chini.

"Kwani wewe unakula shauri? Unakula viazi. Nimezika watu wawili pale, Mwalimu. Sihitaji unisaidie. Sema unachokijua, basi."

Akaondoka. Ndoo imebaki. Sijaigusa.

Ijumaa, 27 Julai
Baraza. Watu walijaa mpaka madirishani. Mnunuzi alikaa ndani ya gari lake nje, kioo kikiwa juu.

Nilisema yote, kwa mpangilio, kama somo: mfano, mkaguzi, safu tupu. Nilisoma maneno ya wazee kutoka kwenye daftari. Nilisema Mtwa Kidasi nilimtunga mimi.

Mgaya akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata. "Mwalimu, nimewasimulia wanangu habari za Kidasi. Mwanangu wa mwisho nimempa jina hilo. Leo unasema hakuna?"

Nikasema hakuna.

"Mwongo yupi nimwamini? Yule wa ubaoni au huyu wa leo?"

Mtu dirishani akapaza sauti, "Kapewa viazi! Ndoo tumeiona!" Wakacheka. Mama Twilumba akageuka: "Wewe Ngimba, vyako umekula mwaka jana, ulishuhudia nini?" Wakacheka zaidi. Mimi nilitazama mikono yangu. Kushukiwa kunauma kuliko nilivyokuwa nafikiri. Nilikumbuka uso wa Shabani.

Wajumbe waliomba daftari. Lilipita mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja, mzee kuliko mimi, alimtambua baba yake kati ya majina ya waliohojiwa. Akasema ndivyo baba alivyokuwa akisimulia, kipindi cha kila ukoo na makaburi yake. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Wameuweka ukurasa pembeni. Ukingo unabaki kwa anayelima na kuzika pale. Msitu hautafyekwa. Gari la mnunuzi liliondoka kabla kikao hakijafungwa.

Sina furaha. Nina nafuu, nayo ni kitu kingine.

Jumanne, 31 Julai
Makambako. Kwanza nilimwomba Shabani radhi. Nilimweleza nilivyomshuku, pamoja na mchoro. Alitaka kuuona mchoro. Alisikitika sikuja nao.

Kisha nikabonyeza "hariri". Nilichapa kwa kidole kimoja, saa nzima. Nimefuta Kidasi. Mahali pake nimeandika kwamba kati ya mtwa wa tatu na aliyefuata hapakuwa na mtwa, koo zilijiongoza, na kwamba aliyeandika jina la Kidasi ubaoni ni mimi. Nimeweka jina langu kamili.

"Mzee, umeua mfalme," akasema Shabani.

Nikamwambia sikumwua. Nilimtoa tu kwenye kiti cha watu.

Nikampigia Lameki kumjulisha. Akauliza atawaambiaje wanafunzi wake. Nikasema awaambie hivyohivyo. Akasema sawa, Mwalimu. Hakuongeza shikamoo.

Jumapili, 5 Agosti
Baridi imepungua. Ibada ilikuwa ndefu.

Mgaya hakunisalimia mlangoni. Nilishatarajia. Nilipofika njia panda nikasikia hatua nyuma yangu, zikanifikia. Akasema "Kamwene" kama tunavyosalimiana nyumbani. Nikaitikia. Tukatembea pamoja mpaka kwenye mikaratusi.

Hapo akasimama. "Na wale watwa wengine, Mwalimu? Wale watano?"

Nilimwambia wale niliambiwa na wazee, imo daftarini. Alinitazama kwa muda, kwa uangalifu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa vizuri mno. Akaomba aje kulisoma daftari mwenyewe. Nikasema aje kesho, asubuhi, nitakuwepo.

Nimelifuta vumbi. Nimeliweka mezani, upande wa dirisha, penye mwanga.