Kabla Hujaja Kupimwa

Hosteli ya Madaktari,
Chumba cha 14.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na wifi yangu je? Mtoto ameanza kutembea au bado anafagia sakafu kwa magoti? Mimi ni mzima, ila usingizi umepungua. Haya mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ini ndiyo kwanza yamefika katikati.

Nimekuandikia, tena kwa anwani ya karakana yako, kwa sababu kila nikikupigia hapo nyumbani Shangazi anakuambia uweke spika. Ninayotaka kusema ni yako peke yako.

Nianze na Baba. Maji ya tumboni wameyatoa tena wiki hii, na macho bado ni ya manjano. Juzi sumu ambayo ini limeshindwa kuichuja ilimpanda kichwani, akamwita nesi kwa jina la marehemu Mama. Akipata nafuu anarudia ukinyozi wake: madaktari wakipita asubuhi anawakagua visogo na kuwauliza ni nani aliyewaharibu hivyo. Mwalimu wetu, daktari bingwa wa upandikizaji, siku hizi anakuja amenyoa upya. Mimi siruhusiwi kugusa faili la Baba kwa kuwa ni mzazi wangu. Nakaa kwenye benchi na ndugu wa wagonjwa wengine, koti langu jeupe nimelikunja mapajani.

Ini lake limejaa makovu na halitarudi kuwa zima. Asipopata jingine, mwaka huu hataumaliza. Hapo sitii chumvi.

Mimi nilikuwa wa kwanza kupimwa, nikakataliwa: ini langu lina mafuta. Mimi huyu ninayewahubiria wagonjwa kila siku waache vya kukaanga. Cheka tu, wenzangu wote wamekwisha kucheka.

Kwa hiyo umebaki wewe, na kundi lako la damu linapatana na lake. Shangazi amelivalia njuga, ameshautangazia ukoo mzima kwamba umekubali. Mimi sijakusikia wewe mwenyewe ukisema hivyo.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Watakata zaidi ya nusu ya ini lako wampe Baba, na litakalobaki litakua tena. Kwa miezi kadhaa hutanyanyua vyuma wala mtungi wa gesi, kwa hiyo kuchomelea usahau kwanza. Kovu la tumbo utabaki nalo. Wengi hurudi kazini salama, wachache hupata matatizo, na wapo waliokufa, ingawa ni nadra. Anayekuambia ni kama kutoa damu anakudanganya mchana kweupe.

Ukifika utaingizwa kwenye chumba kidogo mwishoni mwa korido, chenye viti viwili tu. Mle yumo mama mmoja mshauri. Hamtibu Baba, wala hayumo kwenye timu ya upasuaji. Mlango utafungwa, naye Shangazi atabaki nje, hata akinuna. Huyo mama atakuuliza kama kuna mtu anayekusukuma. Ukimwambia hutaki, au unaogopa tu, yanaishia hapo hapo. Ukoo utaambiwa hufai kuwa mtoaji, basi. Sababu haitajwi kwa Baba, haitajwi kwangu. Hata ukiwa umeshalala kwenye kitanda cha upasuaji, bado unaweza kukataa.

Nimewaona waliotoka mle wakaambiwa hawafai. Wengine ini lilikuwa dogo. Wengine sijui, na ndivyo inavyotakiwa.

Sitakuficha: nataka Baba apone. Kila jioni nikimkanda miguu naomba uje, na uonekane unafaa. Naogopa vilevile, maana wewe ndiye niliyekubeba mgongoni mpaka ukanilemea. Lakini sikutaka uingie mle hujui kwamba unaruhusiwa kusema hapana. Nikiambiwa hufai, nitaamini. Sitakuuliza, hata tukiwa wazee.

Msalimie wifi, na mtoto mbusu kwa niaba yangu. Shangazi mpe salamu zake, ila barua hii ukishaisoma ichane. Mungu akulinde njiani, na akutie nguvu kwa lolote utakalosema mle ndani.

Wako akupendaye, ufae usifae,
Dada Mkubwa